Nane Nane ya Ipuli: namna ya kwenda na wakulima na kurudi na kitu cha kupanda

Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Magharibi hukutanisha mikoa ya Tabora na Kigoma kwenye viwanja vya Ipuli, Manispaa ya Tabora, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti. Kwa watu wa magharibi tarehe hizo zimekaa mahali pazuri kuliko tunavyozipa heshima. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huko milimani Buhigwe na Kasulu zinaanza kunyesha Oktoba, na sehemu kubwa ya Tabora huzipata Novemba. Kwa hiyo mkulima aliyeona mbegu au mashine pale Ipuli ana kama wiki 8 hadi 14 za kuamua, kutafuta fedha na kuandaa shamba.

Maelezo haya ni ya afisa ugani wa kata au kijiji, na ya kiongozi wa wagani anayebeba dhamana ya kupeleka wakulima. Kipimo cha safari ni kimoja tu: mvua ikianza, kuna nini shambani ambacho kisingekuwepo kama gari lisingeondoka kijijini?

Fedha: madokezo mawili, miaka miwili ya fedha

Hapa ndipo safari nyingi zinapokufa. Mwaka wa fedha wa Serikali huisha tarehe 30 Juni. Vipando (vishamba vya mfano vya kuoneshea mazao uwanjani), uzio na maji ni gharama za Machi hadi Juni, yaani bajeti inayoisha. Nauli, malazi na chakula ni gharama za Agosti, yaani bajeti iliyofunguliwa wiki chache tu zilizopita, wakati fedha mara nyingi bado hazijafika. Ukiandika dokezo moja mwezi Julai la kuomba vyote, vipando hutavipata kabisa na nauli itachelewa.

Andika dokezo la kwanza Februari: mbegu, mbolea, viuatilifu, mpira wa maji, nguzo na waya, posho ya mlinzi. Manunuzi kupitia mfumo wa Serikali yana hatua zake, kwa hiyo mwezi mmoja wa akiba si mwingi. Dokezo la pili, la masurufu ya safari, liwe mezani wiki ya kwanza ya Julai. Wakati huohuo zungumza na AMCOS (vyama vya ushirika vya msingi vya mazao) na vikundi vya wakulima kuhusu mchango wao. Mkulima aliyechangia hata nauli ya upande mmoja huuliza maswali zaidi ya aliyebebwa bure, na kikundi kilichomchangia humdai maelezo akirudi. Ongeza asilimia 10 ya dharura kwenye makadirio, kwa sababu gari huharibika njiani na mtu huumwa.

Vipando: hesabu kurudi nyuma

Halmashauri yako ikiwa na eneo Ipuli, kipando ndicho kinachomsimamisha mpita njia. Ugumu wake ni kwamba Agosti ni kiangazi, na Juni na Julai usiku wa Tabora una baridi inayopunguza kasi ya mimea. Ukitumia siku za kukomaa zilizoandikwa kwenye pakiti bila kuongeza chochote, tarehe 1 Agosti utakuwa na mahindi yasiyo na gunzi. Ongeza siku 10 hadi 14 kwenye hesabu ya mazao ya muda wa kati.

Lengo si zao lililokauka. Lengo ni hatua inayoonesha kitu: mahindi yenye magunzi mabichi, alizeti iliyofunua ua, maharage yenye maganda, kabichi iliyofunga. Kwa hiyo:

- Mihogo: ipandwe Novemba au Desemba iliyotangulia. Usipoiwahi mvua, usiweke mihogo mwaka huo. Mche wa miezi mitatu haumfundishi mtu kitu.
- Vitunguu: kitalu katikati ya Machi, kuhamisha mwanzoni mwa Mei.
- Kabichi: kitalu mwanzoni mwa Aprili, kuhamisha baada ya wiki 4.
- Mahindi ya siku 110 hadi 120: wiki ya mwisho ya Aprili hadi wiki ya kwanza ya Mei.
- Alizeti: katikati ya Mei.
- Maharage: mwisho wa Mei hadi wiki ya kwanza ya Juni.
- Mchicha: wiki ya kwanza ya Julai, na sehemu ya pili wiki moja baadaye, ili siku ya nane usiwe na shina tupu.

Kipando cha mita 10 kwa 10 kinatosha kwa zao moja. Kwa mahindi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, utapata mashimo kama 444. Robo kilo ya mbegu inatosha pamoja na akiba ya kurudishia. Kiwango cha mfuko wa kilo 50 wa DAP (mbolea ya kupandia) kwa ekari kinashuka kuwa kilo 1.25 kwenye eneo hilo, yaani karibu gramu 3 kila shimo, nusu na kidogo ya kizibo cha soda. Tia mbolea kwanza, funika kwa udongo wa vidole viwili, ndipo mbegu. Mbolea ikigusa mbegu huunguza kichipukizi, na mapengo utakayoyaona siku ya saba utadhani ni mchwa.

Maji ndiyo gharama inayosahaulika. Kipando hicho kimoja, jua likiwa kali, kinataka lita 500 kwa siku, sawa na ndoo 25 za lita 20. Vipando sita ni ndoo 150. Kama bomba liko mbali, punguza vipando badala ya kuvinyima vyote maji. Vitatu vilivyonawiri vinafundisha kuliko sita vyenye kiu.

Jambo jingine: mahindi ya kumwagilia ndiyo kijani pekee kilichobaki maeneo yale kiangazi, na viwavijeshi vamizi hawana pengine pa kwenda. Wapo nchini tangu 2017 na hawasubiri mvua. Kagua mara mbili kwa wiki kuanzia wiki ya pili baada ya kuota. Tafuta matundu madogo kama ya dirisha kwenye majani machanga na vinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa mche. Pulizia jioni, ukielekeza dawa kwenye moyo. Asubuhi jua likipanda kiwavi ameshajificha ndani.

Bango la kipando liandike jina la mbegu, tarehe ya kupanda, nafasi, mbolea na kiasi chake, na mavuno yanayotarajiwa kwa ekari. Bango lenye jina la halmashauri na nembo peke yake halimwambii mkulima afanye nini.

Nani aende

Orodha ikiandaliwa ofisini tu, itajaa viongozi. Mwenyekiti wa kijiji ana nafasi yake, lakini nafasi moja inatosha. Kwenye gari la watu 25 hadi 30, tafuta mtu walau mmoja kutoka kila kitongoji, nusu yao wanawake, na vijana wasiopungua 5. Mchague mtu ambaye shamba lake liko kando ya njia, kwa sababu atakachokifanya kitaonwa na wanaokwenda kisimani na gulioni bila kuitwa mkutanoni. Mwenye ekari mbili mara nyingi ni chaguo bora kuliko mwenye hamsini: jirani zake wanaweza kumuiga.

Zungumza na nyumba nzima, si mtu mmoja. Mama akienda Ipuli akapenda mbegu mpya ya maharage, na baba ndiye anayeamua shamba lipi lilimwe, safari imeishia kwenye maongezi ya chakula cha jioni. Kwenye vijiji vya tumbaku vya Urambo, Kaliua na Sikonge, uliza pia nani atabaki na kazi za vitalu siku hizo. Na kama kuna mzee anayesikia vizuri zaidi Kiha au Kinyamwezi, mweke kwenye kikundi chenye mtu wa kumfafanulia. Kwa heshima atakaa kimya siku nzima kuliko kusema hajaelewa.

Maswali yaandikwe kijijini

Wiki mbili kabla ya safari, kaa na kikundi na uulize shida tatu zilizowaumiza msimu uliopita. Tatu tu. Kisha zigeuzwe kuwa maswali yanayojibika. "Tunataka kujua kuhusu mihogo" halijibiki. "Mihogo yetu ikichimbwa ina michirizi ya kahawia ndani ya kiazi, ingawa majani yanaonekana salama; tupate wapi pingili safi, za aina gani, na kwa bei gani?" hilo mtaalamu atalishika mara moja. Gawa watu katika vikundi vya watatu watatu, kila kikundi na maswali yake na mwandishi wake. Watu 25 wakitembea pamoja, watano wa mbele ndio wanaosikia.

Ushahidi wa shida uwe picha. Piga tatu: shamba zima, mche mzima, na jani kwa karibu upande wa chini. Usibebe mche mgonjwa kuingia nao viwanjani, maana utakuwa umeupeleka ugonjwa kwenye vipando vya mikoa miwili.

Udongo ni habari nyingine, huo beba. Kusanya vijisehemu 10 hadi 15 kwa ekari, ukitembea kwa kupindapinda, kina cha sentimita 20, ukiruka kichuguu, zizi la zamani na mahali palipochomwa taka. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki. Mfuko uliokuwa na mbolea utaharibu majibu yote. Anika kivulini, chukua nusu kilo, andika jina la kitongoji, zao lililopita na tarehe. Ukikuta banda linalopima udongo, utapata jibu au maelekezo ya maabara. Usipolikuta, zungumza na wataalamu wa TARI Tumbi (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), ambao wako hapohapo Tabora.

Njia na siku

Wa Kigoma mjini na Uvinza wana reli na barabara inayopita Malagarasi, Kaliua na Urambo. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 400. Wa Kakonko na Kibondo wanaweza kuzungukia Nyakanazi, Kahama na Nzega. Kwa vyovyote, tenga siku nzima ya kwenda na siku nzima ya kurudi, na usipange kuingia viwanjani siku ileile ya kufika. Mtu aliyekesha njiani hawezi kusikiliza maelezo ya kupima unyevu wa mahindi.

Siku nzuri ni tarehe 3 hadi 6. Tarehe 1 na 2 mabanda mengine bado yanapigwa misumari. Tarehe 8 ni ya viongozi, hotuba na umati, na mtaalamu unayemtaka yuko kwenye gwaride la kupokea wageni. Siku mbili kamili zinatosha. Siku ya kwanza kila kikundi kifuate maswali yake. Jioni mkutane, muulize nini hakijajibiwa. Siku ya pili mrudi kwenye mabanda hayo tu.

Malazi yawekwe oda mapema Julai, maana Tabora hujaa. Uliza vyandarua. Kila mtu awe na karatasi yenye namba yako ya simu, na mkubaliane mahali pa kukutana saa 6 mchana na saa 10 jioni. Ita majina kabla gari halijaondoka, kila mara, hata kama umechoka.

Bandani

Acha mwanamke aulize kwanza. Tumeona mara nyingi: baba akianza, maswali ya mbegu za bustani, kuku na uhifadhi hayatoki tena.

Kwenye mbegu, usiridhike na "hii inazaa sana". Uliza jina kamili la aina, siku za kukomaa, mwinuko inaofaa (ukingo wa Ziwa Tanganyika uko chini ya mita 800, Tabora ni kama mita 1,200, na milima ya Kigoma iko juu zaidi), na kama ni chotara au la. Chotara haihifadhiwi kwa kupandwa msimu wa pili, na mkulima alijue hilo kabla ya kulipa. Tazama lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye pakiti. Mbegu ikifika nyumbani, pima uotaji kabla ya mvua: mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, siku 7. Zikiota 90 uko salama. Zikiota 70 rudi kwa aliyekuuzia ungali na risiti.

Kwa wa Kigoma, banda la michikichi linastahili muda mrefu kuliko mengine yote. Uliza mbegu ya Tenera inatoka wapi na ina uthibitisho gani. TARI Kihinga ndio kituo chetu cha zao hili. Sababu ya kukazia ni hii: Tenera ni uzao wa kukutanisha aina mbili za michikichi, Dura na Pisifera. Mkulima akiokota kokwa chini ya mti wa Tenera uliozungukwa na Tenera wenzake na kuziotesha, kwa wastani nusu tu zitakuwa Tenera. Robo zitakuwa Dura yenye gamba nene na mafuta kidogo, na robo Pisifera ambazo nyingi hazishiki matunda. Hilo hatalijua mpaka mwaka wa tatu au wa nne, akiwa amejaza shamba. Uliza pia umri wa miche. Mche mzuri wa kuhamishia shambani una kama miezi 12. Nafasi ni mita 9 kwa pembetatu, miche kama 57 kwa ekari, na mkulima aambiwe palepale anaweza kulima maharage katikati miaka ya mwanzo.

Kwenye viuatilifu, soma lebo kwa sauti pamoja na wakulima: usajili wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), jina la kiambata (sumu yenyewe iliyomo), kipimo kwa bomba la lita 16, siku za kungoja kabla ya kuvuna. Majina ya kibiashara mawili yanaweza kuwa na kiambata kilekile. Mkulima anayebadilisha chupa akidhani anabadilisha dawa anazidi kuwazoesha wadudu sumu ileile.

Mashine, ziwashwe mbele yenu zikiwa baridi. Uliza inakula lita ngapi za mafuta kwa ekari au kwa debe, spea zinapatikana Tabora au Kigoma au lazima ziagizwe Dar es Salaam, na nani fundi wa karibu. Fundi asipokuwepo mkoani, mashine hiyo msiinunue, hata ikiwa nusu bei.

Asali ya Tabora haihitaji kusifiwa na sisi, lakini wafugaji nyuki waone kipima unyevu kikifanya kazi. Asali inayozidi unyevu wa asilimia 20 huchacha, na kosa kubwa ni kurina masega ambayo nyuki hawajayaziba.

Kwenye daftari, kila banda liwe na mistari minne: kitu, bei, namba ya simu ya mhusika, na "nani kijijini atajaribu". Mstari wa nne ukikosa jina, kitu hicho hakijafika kijijini. Vipeperushi chukueni vichache.

Visipande gari

Kuna mambo ya kukataza bila kuoneana haya. Pingili za mihogo zisizo na uthibitisho: magonjwa ya batobato na michirizi kahawia husafiri ndani ya pingili inayoonekana nzuri. Machipukizi ya migomba kutoka shamba usilolijua: mnyauko wa bakteria huja nayo, na hauna dawa. Kuku na mayai ya kutotolesha kutoka mabanda ya maonesho: wamechanganyika wiki nzima na kuku wa kila kona, na kiangazi ndicho kipindi cha mdondo. Kama wewe ndiye unayepeleka kuku, wachanje matone ya jicho wiki 3 kabla, uwe na kibali cha kusafirisha, na wakirudi watenge siku 14.

Siku saba za kurudi

Mkutano wa kijiji uitishwe ndani ya wiki moja. Kila kikundi kieleze jambo moja, dakika kumi, kwa vitu vya kushika mkononi. Jaribio la chumvi kwa mfano halisahauliki: chupa kavu, chumvi kavu kijiko kimoja, mahindi robo ya chupa, tikisa. Chumvi ikigandia chupani, mahindi bado yana unyevu na hayafai kufungwa kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa.

Kabla watu hawajatawanyika, andikeni oda ya pamoja ya mbegu na mbolea na mhakikishe taarifa za wakulima kwenye mfumo wa ruzuku ni sahihi. Septemba inatosha kurekebisha jina lililokosewa. Novemba, foleni ikiwa imefika barabarani, haitoshi.

Kisha wale wenye majina kwenye mstari wa nne wapimiwe vipande viwili vya mita 10 kwa 10, bega kwa bega. Kimoja kwa njia mpya, kingine kwa njia ya siku zote, na kibadilishwe kitu kimoja tu. Ukibadilisha mbegu, mbolea na nafasi kwa pamoja, hutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Siku ya kuvuna, pima kila kipande kwa mizani, mahindi yakiwa makavu, zidisha kwa 40 upate kilo kwa ekari: kilo 30 ni kilo 1,200, kilo 18 ni kilo 720. Tarakimu hizo mbili, jina la kitongoji na picha ya mkulima kwa ridhaa yake ndizo zinazoandikwa kwenye bango la kipando chenu Ipuli Agosti inayofuata, na mkulima mwenyewe ndiye anayesimama kando yake kueleza.